Fundi wa Fremu Nyuma ya Marikiti, Mombasa: Nilimpelekea Picha ya Babu Iliyoganda Kwenye Kioo

Nianze na bei, maana najua wengi wenu mtaitafuta hiyo kwanza: shilingi 6,200 kwa kazi mbili, yaani fremu mpya ya picha asili na nakala moja ya kutundika ukutani. Alitaja 7,500, tukashushana hapo. Nilitoa 3,000 za kuanzia, zilizobaki nikamtumia kwa M-Pesa siku ya kuchukua. Aliniambia siku 10, zikawa 23. Risiti hakuna. Ukiitaka sana atakuandikia kwenye kipande cha boksi, na mimi nilikitaka, kwa sababu kazi yangu ni makaratasi. Mwaka wa 26 huu niko kwenye ofisi za kutoa mizigo bandarini Kilindini, na jambo lisilo na karatasi kwangu mimi halijatokea.

Duka lenyewe halina ubao. Ukiwa Marikiti, pita kwa wauza viungo mpaka pua iwashe, shika kichochoro cha kuingia Mji wa Kale, kisha uliza "kwa fundi wa fremu". Mtoto yeyote atakupeleka. Ni chumba kimoja cha mlango wa mbao, giza kidogo, vumbi la msumeno kila mahali, redio imefunguliwa na hakuna anayeisikiliza. Gari liache mbali. Ijumaa usijisumbue kabla ya alasiri. Na ukikuta mlango umerudishwa na kufuli haipo, yuko hapo barazani kwa muuza kahawa, mwite tu.

Sasa picha. Ni ndogo, ukubwa wa postikadi, na imekaa ukutani kwa nyanya tangu kabla mamangu hajazaliwa. Babu amesimama kando ya nguzo ya bandia, zile za studio, nyuma yake pazia lililochorwa miti. Kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya vito, ile ya kutarizwa. Miguuni hana kitu. Amesimama peku kama aliyetoka kutawadha. Miaka na unyevu wa pwani vilikuwa vimefanya kazi yao: picha imeganda kwenye kioo upande wa kushoto, kuvu imeingia kwenye pazia na kuanza kupanda bega, na kona moja mdudu amekula akashiba.

Kabla ya huyu fundi nilikosea njia. Nilikwenda duka moja la kisasa, sitalitaja, lenye kiyoyozi na vijana wenye fulana za rangi moja. Kijana akaipiga picha kwa simu juu ya kioo hichohicho, hakuifungua, akaitia kwenye programu ya akili mnemba, dakika 20 nikapewa karatasi inayong'aa. Shilingi 1,500. Jamani. Babu yangu alikuwa mweusi wa kung'aa. Pale amekuwa maji ya kunde. Babu yangu amefumba mdomo kwenye picha. Mashine ikaufumbua na kumtia meno yote, meupe, kama anatangaza dawa ya meno. Vito vya kofia vikafutika, kofia ikawa kama bakuli limefunikwa kichwani. Na miguu, ndiyo iliyonikata maini: mashine ikamvisha viatu. Vyeusi, vya kamba. Nikamuuliza kijana, "Hivi viatu vimetoka wapi?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, imekamilisha iliyokosekana."

Karatasi ile ninayo bado kwenye mkoba. Naionyesha watu.

Kwa fundi nilifika siku iliyofuata, bado nina hasira. Ni mzee, umri wake naukadiria miaka 70, miwani imefungwa uzi. Nikamsalimia, nikaweka fremu juu ya meza, nikaanza kumweleza nataka nini. Hakunisikiliza. Aliivuta picha dirishani, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani wako?"

"Ni babu, baba wa mamangu."

"Mbona yuko peku? Mtu na koti lake, na kofia ya vito, aende studio bila viatu?"

Hapo nikavuta kigoda nikakaa, maana hilo ndilo swali ambalo nyumbani kwetu watu wamelizunguka miaka yote. Wengi husema ni umaskini. Wengine, wa nje ya nyumba, walikuwa wakisema wafungwa hawapewi viatu.

Babu alikuwa baharia. Ujana wake aliuanza kwenye majahazi ya Lamu na Pemba, kisha akapanda meli za Waingereza, fayamani, mtia makaa. Kwenye vitabu vya meli zile watu wa pwani yetu walikuwa wakiandikwa "sidi", na mahali pao palikuwa chini kwenye moto, pamoja na Wahindi. Mwaka 1940 meli yake ilikamatwa katika Bahari ya Hindi na manowari ya Mjarumani. Haya nimeyapata kwake mwenyewe, barazani, nikiwa na miaka tisa au kumi. Alifariki 1986 nami nina kumi na mbili. Alikuwa akinisimulia jioni, akichambua tambuu, bila kunitazama.

"Iikuja kama jirani," alikuwa akisema, na neno lile "iikuja" alilivuta kama kamba. Meli ya mizigo, bendera ya nchi isiyo na ugomvi na mtu, watu sitahani wanatembea polepole. Ilipokaribia ikashusha bendera ile ikapandisha nyingine, mabati ya ubavuni yakaanguka, na nyuma yake kuna mizinga.

Ukubwani nimeitafuta meli ile, kwa sababu kazi yangu imenifundisha kwamba kila meli ina nyayo. Ni Atlantis, nahodha wake Bernhard Rogge. Kabla ya vita ilikuwa meli ya mizigo kweli, jina lake Goldenfels. Wajerumani wakaificha mizinga ndani yake, wakawa wanaibadilisha rangi na jina: leo ni ya Norwei, kesho ya Japani, keshokutwa ya Uholanzi. Jumla ilikamata au kuzamisha meli 22. Kati ya Julai na Septemba 1940 peke yake, katika bahari yetu hii, zilikwenda City of Bagdad, Kemmendine, King City, Athelking, Benarty na nyingine. Mabaharia waliookolewa au kutekwa walirundikwa ndani ya Atlantis mpaka Rogge akaona anazidiwa na vinywa vya kulisha.

Ndipo ikaja meli ya chumvi. Tarehe 22 Oktoba 1940 Atlantis iliikamata Durmitor, meli ya Yugoslavia, nchi ambayo wakati huo haikuwa vitani na yeyote. Ilikuwa imepakia chumvi ya Hispania kuipeleka Japani. Rogge akawapakia mateka humo, zaidi ya watu 200, juu ya chumvi, ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, akaweka Wajerumani wachache wa kuilinda, akaielekeza Somalia ya Mtaliani.

Babu hakuwahi kutaja jina Durmitor. Alisema "meli ya chumvi" tu. Lakini meli ya chumvi iliyobeba mateka ikafika Warsheikh ni hiyo, na tarehe zake zinaingia kwenye maneno yake kama ufunguo kwenye kufuli.

Makaa hayakutosha. Meli ikawa inakokota kama mzee anayetafuta ndara gizani. Wajerumani wakatwaa maturubali ya kufunikia mashimo ya ngama wakayashona matanga. Hapa Babu alikuwa akicheka, mahali pekee katika hadithi nzima. "Mjarumani ajua mzinga, tanga hajui. Alilifunga kama mwanamke aanikaye shuka." Yeye aliyekulia kwenye jahazi alikaa chini akaangalia tanga linapigwa na upepo upande usio wake, na hakufungua mdomo kuwaelekeza. Maji kikombe asubuhi, kikombe jioni. Na chumvi.

Kuhusu chumvi nitakaa kidogo. Ngamani mna joto, mtu anatokwa na jasho, jasho linayeyusha chumvi aliyoilalia, akiamka amelala kwenye tope. Likikauka linakuwa kama msasa. Wengi walichukuliwa bila viatu, meli ilipopigwa walikimbilia mashua na walichovaa. Na fayamani kwenye joto lile huvaa kidogo sana. Miguu ikachanika. Kidonda kikiingia chumvi hakikupi usingizi, na humo hamna mahali pengine pa kukanyaga. Mwezi mzima. Tarehe 22 Novemba 1940 meli ikapanda mchanga Warsheikh, kaskazini ya Mogadishu, na wakashushwa. Babu alisema mchanga wa ufukweni aliulilia, kwa sababu ulikuwa mchanga.

Maisha yake yote baada ya hapo hakula chumvi. Nyanya alikuwa na sufuria mbili za wali, kubwa ya watu na ndogo yake, chukuchuku, nazi tupu. Ng'onda haikuingia nyumba ile, wala papa mkavu. Mgeni aliyekuja na samaki wa chumvi kama zawadi alishukuriwa mlangoni, na samaki akaenda kwa jirani. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa presha. Watoto wote tulidhani hivyo. Siku aliponionyesha nyayo zake ndipo nikajua; zilikuwa na makovu meupe, ya duara, kama senti.

Haya yote nilimwambia fundi, labda kwa urefu kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza na patasi mkononi. Wateja wawili walikuja wakaambiwa warudi. Nilipomaliza akasema, "Basi hini picha haitaki viatu," akaigeuza kifudifudi akaanza kung'oa misumari.

Nyuma kulikuwa na kadi ya kahawia imekauka kama kaki. Akainyanyua kwa kisu chembamba, polepole, kwa robo saa nzima. Na chini yake, mgongoni mwa picha, kuna maandishi. Wino, herufi za Kiarabu, mistari minne.

Kwetu hakuna aliyejua. Fremu ile haikuwahi kufunguliwa.

Mimi herufi zile nazisoma kwenye msahafu, zenye irabu zake kamili. Kiswahili cha zamani kwa hati ile ni jambo jingine: p inaandikwa b, e na i zinatumia kasra ileile, na mwandishi akiwa na haraka nukta anakuachia uzikisie. Fundi alisomeshwa na babake. Alitwaa kioo cha kukuzia akaanza, "Bicha... picha hini..." akarudi nyuma, akacheka, akaanza tena. Mara ya tatu ikatoka yote:

"Picha hini nimepigwa Mombasa, Machi 1941, nilipotoka Merka kwa Mtaliani. Tulitekwa baharini. Kanzu si yangu."

Nitaeleza kwa nini nililia mbele ya mtu nisiyemjua.

Babu alijiponza mwenyewe kwa neno moja. Alikuwa na desturi ya kusema "nilipofungwa Merka". Kufungwa. Mtaani mtu akisema alifungwa, wewe huulizi alitekwa na nani vitani. Unauliza aliiba nini. Ikatoka hadithi kwamba aliiba melini, ikatoka nyingine ya magendo, na mjomba wangu mkubwa, ambaye sasa ana miaka 80, amekulia ndani ya hadithi hizo. Shuleni aliitwa mwana wa mfungwa. Alipigana mpaka akavunjwa jino. Alipokuwa mtu mzima akamwuliza babake moja kwa moja, "Ulifungwa kwa kosa gani?" na Babu akamjibu, "Kosa la kuwa baharini." Mjomba akaliona jibu hilo ni la mtu anayeficha, na kwa miaka kadhaa walisalimiana tu.

Na kumbe amekwisha kuandika, kabla mjomba hajazaliwa. Tulitekwa. Limekaa nyuma ya picha, limeutazama ukuta.

Merka iko kusini ya Mogadishu, na kambi ya mateka wa Durmitor ilikuwa huko. Mogadishu ilitekwa na majeshi ya Waingereza tarehe 25 Februari 1941, askari wa mbele wakiwa Wanaijeria. Babu alisema walipowaona askari weusi walipiga kelele za furaha kwa Kiswahili, wakidhani ni KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, vijana wa kwetu, na wale wakawajibu kwa Kihausa. Wakabaki kutazamana. Halafu askari mmoja akatoa sigara, na hiyo kila mtu aliielewa.

Na kanzu? Hapa ni mimi nakisia, lakini nakisia nikiwa na elimu ya ofisini. Mabaharia wengi wa meli za biashara za Waingereza wa wakati ule walisimulia kwamba meli ikipotea, mshahara nao ulikoma. Babu alisema alipofika Mombasa alikwenda kwa wakala akahesabiwa pesa zake mpaka siku ya kukamatwa, si siku moja zaidi. Miezi ya manowari, mwezi wa chumvi, miezi ya Merka, yote ni bure. Mtu wa namna hiyo hana kanzu. Ameazima kanzu, koti na labda kofia, ili nyumbani wamwone mzima. Viatu hakuazima, kwa sababu miguu ile haikuweza kuingia kwenye viatu vya mtu. Halafu, kwa vile hakutaka kudanganya, akaandika nyuma.

(Ukienda Barabara ya Jomo Kenyatta iko ile sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, ya wanajeshi na wapagazi wa vita vya kwanza. Napita hapo kila siku nikienda kazini. Baharia hayupo.)

Turudi kwenye kazi, maana hii ni tathmini ya fundi.

Kilichonifanya nimpe nyota nne na nusu ni kwamba alikataa kufanya nilichomwomba. Mimi nilitaka picha ibanduliwe kwenye kioo. Akaniambia iko njia: kuiloweka kwenye maji safi mpaka ngozi ya picha iachie. Amewahi kuifanya. Lakini hii ina wino mgongoni, na wino ule ukiguswa na maji utakimbia, utabaki na sura bila maneno. Kuivuta kavu ni kumng'oa Babu shavu. "Chagua, wataka uso ama wataka mdomo," akasema. Mimi nikasema nataka vyote. Akasema basi kioo nacho ni sehemu ya picha sasa, kiache.

Alichofanya ni hiki. Kioo cha zamani alikikata kingo zilizopasuka akakiacha na picha yake. Kuvu aliyoifikia aliisafisha kavu kwa brashi laini, ile iliyopenya hakuigusa. Akatengeneza fremu nene ya msaji, mbao aliyoitoa kwenye mlango wa zamani, yenye pande mbili: mbele unaona sura, nyuma badala ya kadi ameweka kioo kingine, na katikati kadi nyembamba kuzunguka ili mgongo wa picha usigusane na kioo kipya. Unaigeuza unasoma. Kadi aliyotumia ni ile isiyo na asidi, ambayo yeye huagiza Nairobi, na ndiyo iliyochelewesha kazi. Ile ya kahawia ya mwanzo, alinieleza, ndiyo iliyokuwa ikiila picha kwa nyuma miaka yote, pole pole, kama mchwa asiye na sauti.

Kwa nakala ya ukutani alimwita mpwa wake mwenye mashine ya kuskani. Waliiskani juu ya kioo kwa mwanga wa pembeni, wakaondoa madoa kwenye pazia na bega, basi. Uso umeachwa na mikunjo yake. Mdomo umefumbwa. Miguu peku. Nakala hiyo ina weusi uliozidi kidogo upande wa koti, vifungo havionekani vizuri, nami nilimwambia, naye akakubali. Hakurudia uchapaji, alinipunguzia shilingi 300, ambazo ziko ndani ya bei niliyoitaja.

Kasoro nyingine. Zile siku 23: hakunipigia simu hata mara moja, nilikwenda mara nne, na mara mbili niliambiwa "kesho inshallah" na mtu ambaye si yeye. Kioo alichoweka ni cha kawaida, kinarudisha mwanga. Mkiitundika mkabala na dirisha mtajiona nyinyi badala ya babu yenu. Vioo visivyong'aa anavyo kwa kuagiza, bei ni karibu mara mbili, na angepaswa kuniambia mwanzo, sio siku ya kuchukua. Fremu ni nzito pia. Msumari wa kawaida kwenye ukuta wa chokaa hautaiweza, nendeni na skrubu na plagi. Na usimpe picha yako ya pekee bila wewe mwenyewe kuipiga kwa simu kwanza, mbele na nyuma. Yeye ni mwaminifu, lakini chumba kile kina mbao kavu, gundi na waya za umeme ambazo sikupenda kuzitazama.

Nani aende? Mwenye picha za zamani, hati za ndoa, barua za hati ya Kiarabu ambazo nyumbani hakuna anayezisoma. Kazi ya kusoma hatozi. Mwenye picha ya mahafali ya juzi aende kule kwenye kiyoyozi, atapendeza. Na kama mzee wenu alikuwa kwenye meli za Waingereza akatekwa, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina kundi la faili BT 373 za mabaharia mateka wa vita vile. Mimi nimeanza kuandikiana nao.

Jambo moja la mtu wa bandari: Durmitor haikuishia pale mchangani. Waingereza waliikamata 1941 wakaipa jina Radwinter, ikaendelea kubeba mizigo yao, na baada ya vita ikarudi kwa wenyewe Yugoslavia. Atlantis ilizamishwa na manowari ya Uingereza, Devonshire, tarehe 22 Novemba 1941, mwaka mmoja kamili tangu Babu akanyage mchanga wa Warsheikh. Wakati huo yeye alikuwa amesharudi melini. Eti ndiyo. Miezi michache kupumzika, miguu ikafunga, akapanda nyingine, fayamani tena.

Fremu niliipeleka kwa mjomba Jumapili, Majengo. Sikumwambia kitu. Nilimpa ikiwa imegeuzwa, mgongo juu. Yeye alisoma chuoni, yaani madrasa, enzi zile, hati ile haimsumbui. Akavaa miwani, akasoma kimya, midomo ikitembea. Akasoma tena. Alipofika "tulitekwa" alikiweka kidole pale juu ya kioo akakiacha muda. Mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, hakumjibu. Halafu akainua kichwa akaniuliza, sauti imekauka, "Ya nani, basi?"

"Nini, mjomba?"

"Hini kanzu."

Mpaka leo hajaitundika. Iko mezani, kifudifudi, na kila mzee anayeingia husomewa na kuulizwa. Mmoja ametaja fundi cherahani wa Kibokoni aliyekuwa akikodisha kanzu za arusi. Mwingine ameapa ni ya nduguye Babu aliyekwenda Zanzibar asirudi. Na juzi mama mkubwa amepiga simu kutoka Malindi, asema koti labda, lakini kanzu ile yeye anaijua, ni ya upande wa mumewe, walikuwa wakiitafuta, na haikurudishwa.